Fundi akimaliza kazi nyumbani kwako, umpe na cha juu?

Tanzania hakuna sheria inayosema mtu aliyekuja kukuhudumia nyumbani apewe bakshishi, wala desturi moja inayofuatwa na wote. Kila nyumba ina lake. Kuna anayempa fundi elfu mbili ya soda, kuna anayempa sahani ya wali, na kuna asiyetoa kitu na bado analala usingizi. Tatizo ni yale yanayosemwa kwa uhakika kana kwamba yameandikwa mahali, maana mengine yanawaumiza watu wenye kipato kidogo kuliko wote.

"Asiyetoa bakshishi ni mchoyo. Mbona Marekani kila mtu anatoa?"

Marekani wana sababu yao. Tangu 1991 sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi, kama mhudumu wa mgahawani, dola 2.13 tu kwa saa, kwa hesabu kwamba pesa za wateja zitamfikisha kwenye kima cha chini. Majimbo mengine yamepandisha kiwango hicho, lakini ndiyo sababu mojawapo ya lile shinikizo la kuacha bakshishi mezani. Na hata huko, fundi bomba na fundi umeme kwa kawaida hawapewi. Wanaopewa ni waleta chakula na wahamisha samani.

Fundi wako wa Tabata au Mbagala amekuja, amekagua, ametaja bei yake, mmepatana. Ukimlipa yote siku ile ile, humdai na hakudai. Kinachomuumiza fundi ni kuambiwa "njoo Jumatatu nikumalizie", na Jumatatu simu haipokelewi. Ukitaka kumshukuru kwa namna itakayomfaa zaidi ya soda, mpe jirani namba yake.

"Nimempa mkubwa wao, watagawana wenyewe."

Hapa ndipo bakshishi ina kazi yake hasa, na hapa ndipo inapopotelea. Aliyejipangia bei si sawa na aliyepangiwa. Umekodi kirikuu kuhama, bei umepatana na dereva. Wale vijana wawili waliopandisha friji hadi ghorofa ya tatu, mmoja juu kashika miguu ya friji, mwingine chini uzito wote umemwangukia kifuani, hawakuwepo wakati wa kupatana. Wanachopata ni kile dereva atakachoamua. Hali kadhalika saidia fundi anayekoroga zege na kubeba ndoo tangu asubuhi.

Ukimpa dereva elfu kumi "za vijana", huna namna ya kujua zimefika. Mpe kila mmoja mkononi mwake. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. Buku mbili ikikatwa makato ya kutolea, anabaki na zawadi iliyopungua.

Mleta chakula wa pikipiki namuweka kwenye kundi hili pia. Si kila shilingi unayolipia usafiri inamfikia, kwa sababu programu nyingi hukata kamisheni. Kwenye usafiri wa abiria wa mtandaoni suala hilo lilizua mvutano mkubwa hapa nchini hadi Uber ikasimamisha huduma zake Aprili 2022. Aliyepanda ngazi na mvua ikimnyeshea, buku moja au mbili ni haki ya utu tu.

"Bei nilimbana, lakini nilimwachia ya soda."

Fundi ametaja elfu arobaini, umemshusha hadi ishirini na tano kwa sababu umeona ana shida, kisha ukampa elfu mbili na kujiona mkarimu. Umebaki na elfu kumi na tatu zake. Kupatana bei si dhambi, sote tunapatana. Ila usiite kilichobaki bakshishi.

"Dada wa kazi nampa nguo, namlisha, na sikukuu namtoa. Mshahara si hoja sana."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu imevaa sura ya wema.

Mfanyakazi wa ndani ni mwajiriwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu kama inavyomhusu karani wa ofisini: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilitaja sh 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na sh 120,000 kwa asiyeishi hapo. Hizo zilikuwa sakafu, tena sakafu ya chini sana, na viwango hupitiwa upya. Angalia amri inayotumika sasa.

Chukua Idi mosi. Dada ameamka saa kumi usiku, amechambua mchele, amekaanga vitunguu vya pilau ya watu ishirini, jioni bado anasugua masufuria yaliyoungua chini. Mama mwenye nyumba anampa elfu kumi na kitenge, na wageni wanasifu. Lakini kisheria kazi ya siku ya sikukuu inalipwa mara mbili ya mshahara wa kawaida. Kitenge kinakuja juu ya malipo hayo, hakikai mahali pake. Vivyo hivyo nauli ya kwenda kwao si mbadala wa likizo aliyonyimwa miezi yote.

Na wale wanaosema "ukimpa atazoea": anachozoea mtu ni kulipwa tarehe ile ile kila mwezi. Nyumba inayolipa hivyo haina sababu ya kuogopa elfu tano ya Krismasi.

"Mtu wa umeme au wa maji ukimpa ya chai ni shukrani tu."

Hapana. Mtumishi wa shirika la umma aliyekuja kufunga mita au kurudisha huduma analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na ada unayodaiwa unailipa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwenye kiganja chake. Pesa aliyokuomba ili akuwahishe, au uliyompa ili akuruke foleni, ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa pamoja na anayepokea. Maji ya kunywa mpe, kiti kivulini mpe. Akiomba pesa, chukua jina lake na upige 113 ya TAKUKURU. Simu hiyo ni bure.