Kabla au baada? Nguzo za taa za San Diego

Nikiletewa rasimu ya sheria ndogo ya jiji fulani la Marekani kuhusu kamera na vifaa vya polisi, utangulizi nauruka. Humo ndimo yanamorundikwa maneno matamu ya uhuru na faragha, na sijaona jinsi yanavyomfunga mtu mikono. Natafuta vifungu viwili tu: idara inaomba idhini lini, na ikikaidi, nani ana haki ya kuipeleka mahakamani.

Hilo la "lini" ndilo linalonikosesha usingizi, na San Diego wanajua kwa nini. Mwaka 2016 madiwani wao walipitisha mradi wa taa za barabarani. Mezani uliletwa kama mradi wa kubana matumizi ya umeme na kukusanya takwimu za magari. Nguzo zaidi ya 3,000 zikafungwa vihisi, na kila kihisi kilikuwa na kamera. Kufikia 2018 polisi walikuwa wakichukua picha hizo kwa ajili ya upelelezi. Wakazi walipokuja kushtuka, mkataba ulishatiwa saini na kamera zilikuwa juu vichwani mwao. Nani alaumiwe? Diwani aliyepigia kura balbu hakuulizwa kuhusu upelelezi. Meya aliagiza kamera zizimwe mwaka 2020, na sheria ndogo ya kuzisimamia ikapita 2022.

Sasa linganisha na Kaunti ya Santa Clara, huko huko California. Mwaka ule ule wa 2016 walitunga sheria inayoitaka idara ifike kwenye kikao cha wazi, na sera ya matumizi mkononi, kabla ya kuomba fedha, kabla ya kununua, na hata kabla ya kukipa kifaa cha zamani kazi mpya. Hiyo kazi mpya ndiyo iliyopenya San Diego bila mtu kubisha hodi. Kutaja maombi ya fedha nako kuna sababu: ruzuku ya serikali kuu haipunguzi bajeti ya jiji, kwa hiyo madiwani huipitisha bila maswali. Seattle ilijikuta na ndege zisizo na rubani zilizonunuliwa kwa njia hiyo, na mwaka 2013 meya akaufuta mpango baada ya wananchi kuja juu.

Kuhusu kwenda mahakamani, mfano wangu ni Oakland. Sheria yao ya 2018 inamruhusu mtu aliyeathirika kufungua kesi mwenyewe, asisubiri mwanasheria wa jiji aishitaki idara ya jiji lile lile (kusubiri huko kungekuwa kumwomba fisi alinde bucha). Inakataza pia mikataba ya siri na wauzaji. Kifungu hicho kina historia. Polisi wa miji mingi walikuwa wakitumia mashine zinazojifanya minara ya simu ili kufuatilia simu za watu, huku wakiwa wametia saini ahadi kwa FBI kwamba hawatazizungumzia, na kuna waendesha mashtaka walioamua kuachia kesi kuliko kueleza mashine ilivyotumika.

Mipaka ipo. Sheria ndogo haiifungi FBI yenyewe, na bunge la jimbo linaweza kuifuta likitaka.

Lakini wakati mwingine inalegezwa na wapiga kura wa jiji lenyewe. Mei 2019 San Francisco ilizizuia idara zake kutumia teknolojia ya kutambua sura, kwa kura 8 dhidi ya 1, na sheria hiyo hiyo ikadai idhini ya baraza kwa vifaa vingine vya ufuatiliaji. Machi 2024 wapiga kura wakapitisha Pendekezo E. Nililifungua nikaenda moja kwa moja kwenye "lini", na hapo ndipo mkono ulipopita: polisi sasa wanaweza kuanza kutumia kifaa kipya, kisha wakawa na hadi mwaka mmoja wa kupeleka sera yake kwenye baraza.