Ile "ABC" kwa mtungi wa moto wa gari ni nini hasa

Ule mtungi mwekundu chini ya siti ya dereva umeandikwa ABC na wengi wanadhani ni jina la kampuni. Siyo, hizo herufi zinakwambia mtungi unazima moto gani. A ni vitu vikavu kama siti na mazulia, B ni petroli, dizeli na oili, C ni gesi. Ndani mna unga mkavu, haupitishi umeme, kwa hiyo hata waya za betri zikishika unapuliza tu. Maji usijaribu, petroli inaelea juu yake na moto unatembea nayo.

Gari ndogo kilo 1 au 2 yatosha, lakini jua kilo moja inaisha kwa kama sekunde 10 tu, ukipuliza juu kwa moshi umeumaliza bure. Vuta pini, lenga chini kwenye shina la moto, yumbisha kushoto kulia, upepo uwe mgongoni mwako. Na boneti ikitoa moshi tafadhali usiifunue yote, ukiipa hewa moto unakurukia usoni, ilegeze kidogo upitishe mdomo wa mtungi kwenye mwanya. Ukiona moto umeshapanda sana, wacha gari iungue, toa watu ukae mbali.

Sasa kuna jambo linaniuma. Pale Mwembe Tayari, Mombasa, niliona tuktuk imeshika moto, dereva akatoa mtungi mbio, geji iko kijani kabisa, akabana, kukatoka pumzi nyeupe kidogo halafu basi. Unga ulikuwa umegandamana chini. Geji inapima presha peke yake, haikwambii unga uko hali gani, na gari likitikisika kila siku kwa mashimo unga unaweza kushuka ukashikana. Kila mwezi toa mtungi wako, upindue kichwa chini, utikise, usikie unga ukiteleza ndani. Angalia na kitako, chumvi hii ya bahari inakula chuma.

Usiuweke buti, nyuma ya mizigo, uweke pale mkono unafika ukiwa umekaa. Na usiujaribu kwa kuubana kidogo "kuona kama unafanya kazi", maana unga ukiingia kwenye valvu haifungi tena vizuri, presha inavuja polepole mpaka mtungi unabaki na unga bila presha ya kuusukuma. Ukishaubana hata mara moja, upeleke ukajazwe.