Bunilizi ya kisayansi ni ipi hasa? Filamu, muziki na katuni

Chukua hadithi mbili. Katika ya kwanza, mtu analala Mombasa na kuamka Maskati kwa sababu jini amembeba usiku. Katika ya pili, mtu huyohuyo anaingia ndani ya mtambo ulioundwa na mafundi. Mtambo unausoma mwili wake punje kwa punje, kisha unamjenga upya ng'ambo ya bahari. Safari ni moja. Hata hivyo, ya kwanza tutaiita ngano na ya pili bunilizi ya kisayansi, kwa sababu jini hadai maelezo, ila mtambo unayadai. Nani aliuunda? Unatumia nishati gani? Ukizimika katikati ya kazi, yule msafiri yuko wapi? Na aliyefika Maskati ni yeye mwenyewe au ni nakala yake?

Maswali hayo ndiyo kiini cha dhana. Bunilizi ya kisayansi ni hadithi inayoleta jambo ambalo halipo katika dunia yetu, ikalichukulia kuwa lingeweza kutokea kwa kanuni za maumbile na kwa akili ya viumbe, kisha ikafuatilia linavyobadilisha maisha. Mhakiki Darko Suvin, mzaliwa wa Zagreb aliyefundisha Canada, alilipa jambo hilo jina la Kilatini, novum, yaani kitu kipya. Kitu kipya hicho kikiondolewa na hadithi ikabaki imesimama vilevile, basi sayansi ilikuwa pambo tu.

Si lazima sayansi iwe sahihi. Mwaka 1865, katika riwaya, mwandishi Mfaransa Jules Verne aliwarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa. Mshindo wa mzinga wa namna hiyo ungewaua palepale. Lakini Verne alipiga hesabu za kasi, akawaza juu ya uzito na umbali, akamtaka msomaji afikiri pamoja naye. Juhudi hiyo ya kufikiri ndiyo inayohesabiwa, hata jibu likiwa na kosa.

Kwa hiyo kuipima kazi kwa vifaa vyake, kwamba ina roketi au haina, ina roboti au haina, kunapotosha. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 imejaa vyombo vya anga, lakini kinachoamua mambo humo ni nguvu ya kiroho, upanga, mwalimu mzee na kijana asiyejua ukoo wake. Naiona iko jirani zaidi na ngano za mashujaa kuliko bunilizi ya kisayansi, ingawa najua wapenzi wake wengi hawatakubali.

Ilinganishe na Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Haina vita vya anga wala viumbe wa sayari nyingine. Vita vya kugombea maji vimekwisha, ardhi ya juu imekufa, na watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa. Jasho na mkojo husafishwa vikawa maji ya kunywa. Umeme unatokana na miguu na mikono ya wakazi wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Ndoto hudhibitiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, anapokea udongo usiojulikana umetoka wapi, anaupima, anaona hauna mionzi, anapanda mbegu, nayo inaota. Wakubwa wanamkatalia kibali cha kutoka nje. Kila kinachofuata kinatokana na kipimo kile cha udongo. Filamu ina dakika ishirini na kitu tu, na bado sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu anayeanza. Ukiondoa uhaba wa maji hakibaki kitu: si kazi ya Asha, si sheria za jumuiya, si hata namna anavyolifuta jasho lake.

Sinema yenyewe iliingia kwenye bunilizi hii mapema. Georges Méliès wa Ufaransa, aliyeanza kama mfanyamazingaombwe, alipeleka watu mwezini mwaka 1902. Fritz Lang wa Ujerumani alionyesha jiji la mashine na roboti ya kike katika Metropolis mwaka 1927.

Kwenye muziki mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wimbo unaweza kukosa hadithi kabisa. Wengine husema sauti ya sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, inatosha. Mimi sikubali: sauti hiyo leo iko hata kwenye nyimbo za harusi. Kinachotakiwa ni ulimwengu ambao wimbo, au msanii mwenyewe, anatuingiza ndani yake. David Bowie alitoa Space Oddity Julai 1969, siku chache kabla ya watu kukanyaga mwezi. Wakati dunia inangoja ushindi, yeye aliimba habari za mwanaanga anayepoteza mawasiliano na kuelea peke yake. Vyombo vya anga vilikuwa vya kweli tayari. Kilichobuniwa ni kile ambacho upweke wa huko juu ungemfanyia binadamu. Kwangu hiyo ni bunilizi ya kisayansi kamili, ndani ya dakika chache.

Mwanamuziki Sun Ra alikwenda mbali zaidi. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914, mji wa ubaguzi mkali, na akashikilia kwa miaka mingi kwamba asili yake ni sayari ya Zohali. Katika filamu yake ya 1974, Space Is the Place, anataka kuwahamishia Wamarekani weusi kwenye sayari nyingine, na muziki ndio chombo cha safari. Hapo muziki si wa kusindikiza. Unafanya kazi ya injini. Mwaka uliofuata kundi la Parliament lilitoa albamu ya Mothership Connection, na kwenye maonyesho yao chombo cha anga kilishuka jukwaani kweli, wakati wao wanaimba maneno ya wimbo wa zamani wa kanisani kuhusu gari linaloshuka kuwachukua watu. Waliotamani gari la mbinguni sasa walipewa chombo chenye mitambo. Imani na uhandisi vilikutana jukwaani, na sioni sababu ya kuwatoa kundini kwa ajili hiyo.

Katuni nazo zina uhuru ambao filamu haikuwa nao kwa miaka mingi: kalamu huchora sayari kwa gharama ileile ya kuchora meza. Superman alipotokea mwaka 1938, kurasa za mwanzo zilijaribu kuieleza nguvu yake kwa kumtaja chungu anayebeba mizigo mizito kuliko mwili wake na panzi anayeruka mbali. Maelezo dhaifu, lakini yalikuwepo. Osamu Tezuka, mchora katuni wa Japani, alikuwa na kina zaidi kuanzia mwaka 1952: mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe anaunda roboti mfano wa mtoto yule, kisha anamkataa kwa sababu hakui. Roboti sasa ana haki gani? Katuni ya watoto ikalibeba swali hilo kwa miaka.

Black Panther, shujaa wa katuni wa mwaka 1966, anaupima mpaka wetu vizuri. Nguvu zake zinahusishwa na mmea na mungu wa kale, na huo ni upande wa ngano. Lakini Wakanda, nchi yake ya kubuni, inasimama juu ya madini, na swali lake ni la kufikirika kabisa: nchi ya Kiafrika ingekuwaje kama madini yake na elimu ya kuyatumia vingebaki mikononi mwake? Kwa swali hilo naihesabu ndani.

Neptune Frost ya mwaka 2021, filamu ya nyimbo ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, inaligeuza swali hilohilo. Ilipigwa picha Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na Kiswahili kinasikika humo pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Ndoto na mizimu ni sehemu ya safari yake, kwa hiyo wapo watakaoitoa nje. Lakini wahusika wake ni wachimbaji wa koltani, madini yanayoingia kwenye simu za dunia nzima, wanaokutana kijijini kati ya mabaki ya kompyuta na kuanza kuuvamia mtandao uliojengwa kwa jasho lao.