Kikosi cha 54 cha Massachusetts: Askari Waliokataa Mshahara

Katika masomo yangu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hakuna kikosi ninachokirudia mara kwa mara kama Kikosi cha 54 cha askari wa miguu wa kujitolea wa Massachusetts, kikosi cha askari weusi waliopigania upande wa Kaskazini, yaani serikali kuu ya Marekani. Wengi hukikumbuka kwa tarehe 18 Julai 1863, kiliposhambulia Ngome ya Wagner, ngome ya waasi wa Kusini karibu na Charleston, Carolina Kusini: kati ya askari wapatao 600, 272 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka, na kamanda wao, Kanali Robert Gould Shaw, mwenye umri wa miaka 25, akazikwa na maadui katika kaburi moja na askari wake weusi. Mimi naona ushujaa wao mkubwa zaidi ulikuwa katika suala la mshahara.

Gavana wa Massachusetts, John Andrew, alipowaandikisha mapema mwaka huo, waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari weupe. Serikali kuu, ikishikilia sheria ya Julai 1862 iliyowalenga hasa vibarua waliotoka utumwani, iliwapa dola 10 na kukata 3 za mavazi. Wakazikataa. Bunge la Massachusetts lilipojitolea kufidia pengo hilo walikataa pia, kwa kuwa hawakuwa wakidai dola zilizopungua bali kutambuliwa kuwa ni askari kamili, ingawa wake na watoto wao walikuwa wakitaabika nyumbani. Koplo James Henry Gooding alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe, Septemba 1863, akimuuliza kama wao ni askari au ni vibarua.

Juni 1864 Bunge la Marekani lilikubali usawa, lakini malipo ya tangu siku ya kuandikishwa yakawahusu tu waliokuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo ambacho hata aliyekuwa mtumwa siku hiyo angeweza kukila kwa dhamiri safi, kwamba hapakuwa na mtu aliyestahili kumdai kazi bila ujira. Naliona jambo hilo kuwa la hekima kubwa, kwani liliukana utumwa wenyewe kwa maneno ya sheria.

Fedha ziliwafikia mwishoni mwa Septemba 1864. Gooding, aliyetekwa katika mapigano ya Olustee, Florida, mwezi Februari, alikuwa amekwisha kufa Julai katika gereza la Andersonville.