Springi fupi kwenye gari kongwe: tunachokikagua na kwa nini

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa magari kutoka kwa wamiliki wa magari yaliyoshushwa kwa springi fupi yanafanana mno. Gari limesimamishwa, limeandikiwa kosa, na mwenye gari anaamini kwamba trafiki amechukia tu muonekano wake. Naomba tuelewane mapema. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari bovu. Kulishusha gari sentimita tatu hakulifanyi kuwa bovu. Ubovu unaingia pale springi mpya inapofungwa juu ya vifaa vilivyochoka, na magari tunayoyakuta katika hali hiyo mengi ni ya miaka ya 1990: Corolla, Mark II, Chaser, Impreza za zamani.

Nianze na linalotusumbua kuliko yote. Springi iliyokatwa kwa grainda, au iliyochomwa kwa gesi mpaka ikalala, si springi ya kushushia gari. Springi iliyotengenezwa fupi tangu kiwandani hupewa ugumu zaidi, kwa sababu nafasi iliyobaki ya kucheza ni ndogo na uzito wa gari ni uleule, na ncha zake hutengenezwa zikae sawasawa kwenye kikalio. Iliyochomwa imepoteza ule ugumu wa chuma na itaendelea kulala, pengine upande mmoja kuliko mwingine. Iliyokatwa hulegea gurudumu linaponing'inia. Ukiruka shimo inaweza kuchomoka kwenye kikalio gari likiwa mwendoni. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado mtu anafika kwetu akituambia kwamba fundi wake ni mzoefu. Gari la namna hiyo halipiti ukaguzi, fundi awe nani.

Hata springi nzuri ina masharti yake kwenye gari kongwe. Shokapu za zamani zilitengenezwa kwa springi laini na ndefu. Ukizifungia springi fupi na ngumu zinashindwa kuzituliza, zinafanya kazi karibu na mwisho wa nafasi yake ya kucheza, sili zinazozuia mafuta zinavuja na gari linadunda badala ya kushika barabara. Kwa hiyo shokapu zote nne zibadilishwe pamoja na springi, bila kusahau mpira wa kichwa cha shokapu na ule unaozuia chuma kugonga chuma gari linapozama. Boljointi na tairodi, yaani viungio vya magurudumu na usukani, zikiwa zimelegea, zitangulie kubadilishwa. Bushi za amu, yaani mipira ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu, zinahitaji uangalifu ambao gereji nyingi hazina: nati zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujipinda mara gari linaposhuka na kubaki umejipinda siku zote, na hauchukui muda kuchanika.

Mwenye pikapu au gari la mizigo asome hapa kwa makini. Mengi ya zamani yana valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli. Valvu hiyo hupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukishusha nyuma bila kuirekebisha, itadhani gari limejaa hata likiwa tupu, itapeleka nguvu nyingi nyuma, na siku ya kufunga breki ghafla kwenye mvua magurudumu ya nyuma yatatangulia kukwama. Gari litageuka. Mmiliki anayekuja kulalamika kwamba tumemwonea kuhusu urefu wa gari, mara nyingi hata hajui valvu hiyo ipo.

Wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, ni lazima, kwa sababu kushusha gari hubadili pembe za magurudumu na tairi huliwa kwa ndani, mahali ambapo huoni ukiwa umesimama pembeni. Taa za mbele zielekezwe upya.

Sasa utaratibu. Askari akikuta kosa huingiza namba ya gari kwenye mashine, nawe unapata taarifa yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Makosa yakiwa mawili, yanaandikwa mawili. Hulipi mkononi mwa askari, unalipa benki au kwa simu. Ukichelewa, faini huongezeka, na deni huonekana kwa namba ya gari, hivyo anayetaka kununua gari lako ataliona. Kama hukubali kosa, usilipe kwa hasira halafu uje kulalamika, maana kulipa ni kukiri. Sema kwamba hukubali, upelekwe mahakamani ukajitetee. Hiyo ni haki yako. Gari likionekana ni la hatari linaweza kuzuiwa lisiendelee na safari na namba zake kung'olewa hadi litengenezwe na likaguliwe tena. Risiti ya faini hailifanyi gari kuwa zima. Stika ya Nenda kwa Usalama, ile inayobandikwa gari likishakaguliwa, nayo inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Springi ulizofunga baadaye haizijui.

Mwenye bima kubwa amjulishe mtoa bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko haya kabla ajali haijatokea. Ukinyamaza, unampa sababu ya kubishia madai yako.

Ukileta gari kukaguliwa upya, lije na risiti za springi na shokapu pamoja na karatasi ya alaimenti inayoonyesha vipimo vya kabla na baada. Lisije siku hiyohiyo lilipotoka gereji. Springi mpya hushuka kidogo zikianza kubeba uzito, kwa hiyo litembee kilomita 500 hivi kwa mwendo wa kawaida, nati zote zipitiwe tena, alaimenti irudiwe, ndipo tulipokee.