Koti la mvua la mwendesha baiskeli wa Mbeya: tazama njia za hewa kwanza

Kila mwaka mvua za Novemba zinapokaribia, watu huja kwenye karakana yangu ya ushonaji wakiuliza ni koti gani la mvua linalomfaa mwendesha baiskeli mwenye fedha za wastani. Wengine ni walimu wanaokwenda kazini Uyole na kurudi kila siku, wengine ni vijana wanaofanya mazoezi ya mbio kwenye barabara ya Tukuyu, na wengine ni wafanyabiashara wanaopeleka viazi na ndizi sokoni. Kazi yangu ni kukarabati makoti ya aina hii, yaani kubadilisha zipu, kubandika upya utepe wa mishono na kuziba matundu, kwa hiyo nayajua kwa ndani kama ninavyoyajua kwa nje. Karibu wote wanaokuja huuliza kwanza kama koti linazuia maji. Mimi huwaomba waangalie kwanza jasho litatokea wapi.

Mwili wa mtu anayekanyaga pedali hubadilisha takriban robo tu ya nguvu inayotumika kuwa mwendo, na sehemu yote iliyobaki huwa joto linalopaswa kutoka. Anayepanda mlima kwa nguvu, kwa mfano kutoka Igawilo kuelekea Isyonje, anaweza kutoa jasho la kiasi cha lita moja kwa saa. Ukimvika mtu huyo koti la plastiki kama yale yanayovaliwa na madereva wa bodaboda, maji ya mvua hayataingia kabisa, lakini baada ya muda mfupi fulana yake itakuwa imelowa kana kwamba hakuvaa kitu. Dereva wa bodaboda ameketi tu, hivyo koti lile linamfaa, wala silidharau. Kwa mwendesha baiskeli ubaya wake huonekana zaidi wakati wa kuteremka, kwa sababu akishaanza kushuka kuelekea Kiwira akiwa amelowa jasho, upepo humpoza kwa kasi, vidole hufa ganzi, na kushika breki vizuri huwa kazi ngumu. Kwenye barabara yenye malori hilo ni jambo la usalama, si la starehe.

Makoti yanayopitisha mvuke hutegemea utando mwembamba uliobandikwa nyuma ya kitambaa. Utando maarufu zaidi ni wa Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa mwaka 1969 kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupenya ilhali mvuke hupita. Makoti ya bei nafuu kwa kawaida hutumia poliurethani, plastiki ya aina nyingine, na nyingi kati ya hizo hazina vitundu kabisa: zenyewe hunyonya unyevu upande wa ndani na kuuachia upande wa nje. Kwa sababu hiyo, jaribio ambalo wanunuzi wengi hulifanya pale soko la Mwanjelwa, la kuweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza, halisemi lolote kuhusu upitishaji wa mvuke. Koti zuri linaweza kukataa pumzi yako kabisa na bado likapitisha mvuke vizuri. Jaribio linalofaa ni kumimina maji ya moto katika kikombe, kufunika mdomo wake kwa kitambaa cha koti huku upande wa ndani ukitazama maji, kisha kuweka glasi baridi na kavu juu yake kwa kuipindua. Utando ukiwa mzima, ukungu utaanza kujikusanya ndani ya glasi ndani ya dakika chache, na kwa koti la plastiki glasi itabaki kavu.

Lebo huwa na namba mbili. Ya kwanza hutajwa kwa milimita, nayo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kilistahimili kabla ya matone kupenya. Kwa baiskeli, 5,000 inatosha kwa safari ya kawaida ya kwenda kazini na 10,000 inatosha hata kwa mvua za Rungwe. Sioni sababu ya mtu wa kipato cha kawaida kulipia 20,000. Namba ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji apige hesabu pamoja nami. Koti lenye alama ya gramu 10,000 hupitisha gramu 417 hivi kwa saa kwa kila mita ya mraba, tena katika mazingira ya maabara yaliyopangwa kulipendelea, na eneo la koti zima ni kama mita moja ya mraba au zaidi kidogo. Ukilinganisha na lita moja ya jasho, hata kama sehemu ya jasho hilo inatoka kichwani na miguuni, utaona kwamba hakuna utando wa bei nafuu unaoweza kuimaliza kazi hiyo peke yake. Baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo cha RET, yaani jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke, badala ya gramu, na hicho husomwa kinyume: chini ya 6 ni bora sana, kati ya 6 na 13 ni nzuri, na juu ya 20 ni dhaifu kwa mtu anayetoka jasho.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati moja ambayo wenzetu wa pwani hawana. Mvuke husukumwa nje na tofauti iliyopo kati ya hali ya ndani ya koti na hali ya hewa ya nje. Katika mvua ya nyuzi joto 15, ambayo ni ya kawaida Mbeya, Njombe au Makete, msukumo huo ni zaidi ya mara mbili ya ule unaopatikana katika mvua ya nyuzi 27. Koti lilelile linalokuridhisha ukiwa Isyonje litakukera ukifika kwenye joto la Kyela, na si kwamba limeharibika njiani. Mtu ambaye safari zake zote ziko Kyela namshauri asinunue utando hata kidogo, bali avae kizibao chepesi cha upepo na akubali kulowa.

Kwa wengine wote, fedha ziende kwenye njia za hewa. Koti liwe na zipu za kwapani ndefu za kutosha kuingiza mkono mzima, tundu pana la mgongoni lililofunikwa kwa kitambaa kinachoning'inia, na zipu ya mbele inayofunguka kutoka juu na kutoka chini. Kwenye mlima unafungua zote hata kama mvua inanyesha, na kileleni unafunga kabla ya kuteremka. Umbo nalo lina uzito wake: nyuma liwe refu ili lifunike kiuno unapoinama, mikono ifike kwenye kifundo mikono yako ikiwa imenyooshwa kwenye usukani, na upana usizidi hadi koti lipige kelele kwa upepo. Kwa anayesukuma mzigo polepole, joho la mvua lililo wazi chini lina hewa nyingi kuliko koti lolote na bei yake ni ndogo, ila asiteremke nalo kwa kasi, maana hushika upepo na kuyumbisha baiskeli.

Chini ya koti usivae fulana ya pamba, kwa kuwa hushika jasho na kubaki baridi. Jezi ya mpira wa miguu ya poliesta inafaa zaidi.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na ninaunga mkono uamuzi huo, kwa sababu kwenye belo hutokea makoti ya baiskeli ya hali ya juu kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Ukilishika, ligeuze ndani nje na utazame mabegani na shingoni, ambako jasho na mafuta ya mwili hukaa. Sugua kwa kidole gumba. Kama unabaki na chembe nyeupe, au kitambaa kinanata na kina harufu kali ya uchachu, poliurethani imeoza kwa unyevu na hakuna fundi atakayeirudisha, hivyo liache. Utepe wa mishono ulioinuka pembeni usikutishe, kwani hubandikwa upya kwa joto, na zipu hubadilishwa.

Koti ambalo maji hayajikusanyi tena kuwa matone juu yake, bali huloweka kitambaa cha nje na kukifanya kiwe cheusi, nalo si la kutupa. Linaonekana kama linavuja, lakini mara nyingi ni jasho lako lililokwama nyuma ya kitambaa kilicholowa. Lifue kwa sabuni laini isiyo na dawa ya kulainisha nguo, lisuuze sana, likaushe, kisha lipige pasi kwa joto dogo ukiwa umeweka kitambaa cha pamba katikati. Mwenye pasi ya mkaa aijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kwa sababu joto lake halipimiki. Matone yasiporudi, paka dawa ya kurudisha uwezo wa kukataa maji.

Kuhusu rangi, chagua ya njano au ya chungwa, kwa sababu ukungu wa Isyonje humficha mtu aliyevaa nguo nyeusi hata mchana. Ukitaka kuongeza utepe unaoakisi taa za magari, usimruhusu fundi aushone katikati ya mgongo, kwa kuwa kila tundu la sindano ni tundu kwenye utando. Mimi huubandika kwa gundi ya kitambaa inayopindika, au huushona kwenye pindo la chini tu, ambako maji yakiingia hayafiki mwilini.