Urejeshaji wa mashabiki: filamu kama ilivyotoka sinema

Urejeshaji wa mashabiki ni kazi ya watu wasiolipwa, wanaokusanya matoleo ya nyumbani ya filamu moja (kanda za VHS, LaserDisc ambazo ni disketi kubwa zilizotangulia DVD, DVD zenyewe, na Blu-ray) na kuyaunganisha mpaka wapate toleo linalokaribia lile lililoonyeshwa ukumbini filamu ilipotoka. Kufuta mikwaruzo ni sehemu ndogo tu. Wanatafuta rangi za wakati ule, sauti ya wakati ule, upana wa picha wa wakati ule, na matukio yaleyale, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Kwani toleo la nyumbani lina kasoro gani? Watu wa Tanga walioikuta Majestic ikionyesha picha, kisha wakahamia vibandaumiza vya Ngamiani, waliiona tofauti hata kama hawakuipa jina. Pazia la sinema ni pana, televisheni za zamani zilikuwa karibu na mraba. Watengenezaji wa kanda wakakata kulia na kushoto, ukawa unamsikia adui akitisha huku unachokiona ni sikio la steringi. Halafu kuna kasi. Filamu hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wa televisheni zetu za analojia, ulikwenda kwa 25. Njia rahisi ilikuwa kuiharakisha picha kidogo: filamu ya dakika 100 ikaisha kwa 96, na sauti zikapanda. Mpiga kinanda wa taarabu aliyechukua mahadhi ya Kihindi kutoka kwenye kanda ya namna hiyo, akija kuyalinganisha na santuri, atajikuta yuko juu kwa zaidi ya nusu ya nusutoni.

Disketi za Blu-ray zilimaliza hayo na kuleta mengine. Ukanda wa filamu una punje zake, zinazocheza kila fremu. Hizo ndizo picha yenyewe, kwa kuwa ndani yake ndimo vilimo vinyweleo, jasho na nyuzi za nguo. Mafundi wengine waliziona kuwa uchafu wakazipangusa kwa programu, na undani ukaondoka nazo. Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 inatajwa mpaka leo kwa kosa hilo: wanajeshi waliolowa jasho msituni wametoka na ngozi ya nta. Mpwa wangu aliitazama sebuleni Chumbageni akaniuliza, "Mjomba, hawa watu au katuni?" Rangi nazo hubadilishwa. Mwaka 2009 mwongozaji William Friedkin aliipa filamu yake The French Connection rangi mpya kwa ajili ya Blu-ray, na Owen Roizman, aliyeipiga picha filamu hiyo, akalalamika hadharani. Mwaka 2012 ikatolewa nyingine yenye rangi tofauti.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Star Wars ya 1977. Mwaka 1997 mwongozaji wake, George Lucas, aliirudisha sinema ikiwa na viumbe vya kompyuta na matukio mapya, kisha akaigusa tena kwa DVD ya 2004. Ajabu ni kwamba mwaka 1988 mtu huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga filamu za zamani kubadilishwa. Toleo la mwanzo lilitoka kwenye DVD mwaka 2006 kama nyongeza tu, likiwa limechukuliwa kutoka kanda kuu zilizotengenezewa LaserDisc mwaka 1993, na kwa televisheni za leo picha yake ni hafifu. Hapo shabiki mmoja wa Jamhuri ya Czech, akisaidiwa na wenzake, akaanza kazi iliyokuja kujulikana kama Despecialized Edition: akachukua Blu-ray ya 2011 kwa ung'avu wake, akaondoa vilivyoongezwa, na mahali pake akapachika vipande vya toleo la zamani kutoka DVD ile na vyanzo vingine.

Ukilisema kwa mdomo ni jambo jepesi. Filamu ya dakika 121 ina fremu zaidi ya 170,000, na hakuna matoleo mawili yanayokaa sawasawa: moja limekatwa kidogo juu, jingine limevutwa pembeni, jingine lina fremu mbili pungufu pale mkanda ulipounganishwa. Kila tukio hulinganishwa na kunyooshwa kabla ya kupachikwa. Pale chanzo kinapokuwa LaserDisc pekee, wengine hurekodi nakala kadhaa za disketi ileile na kuzilinganisha kama mashahidi wa tukio moja: doa lililo kwenye nakala moja tu hutupwa, kinachoonekana katika nyingi hubaki. LaserDisc hupendwa pia kwa sauti. Nyingi zina sauti ya dijitali isiyobanwa, mara nyingi ule mchanganyiko wa ukumbini kabla haujatengenezwa upya kwa spika nyingi za sebuleni.

Kazi inayozua ugomvi ni rangi, maana lazima uzilinganishe na kitu. Kumbukumbu ya mtu haifai. Kila mzee atakuapia kuwa aliiona kwa macho yake. Ushahidi bora ni ukanda halisi wa milimita 35, nao pia huzeeka. Nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka waridi kwa sababu rangi nyingine zimepauka. Zilizochapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor hudumu, na ndiyo maana kundi jingine la mashabiki liliacha disketi kabisa, likaskani nakala ya Star Wars ya namna hiyo na mwaka 2018 likatoa toleo la 4K (picha yenye undani wa hali ya juu) liitwalo 4K77. Hali yetu ya hewa haisaidii. Kopo la ukanda lililokaa stoo ya pwani hujitangaza kabla hujalifungua, kwa harufu ya siki: joto na unyevu vimeanza kuumeng'enya ukanda, utajikunja na kusinyaa mpaka mashine ikatae kuuvuta.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kinachorejeshwa ni kile kilichoonyeshwa, na si lazima kiwe alichokitaka mwongozaji. Chukua Sholay, filamu ya Kihindi iliyotoka Agosti 1975. Mwongozaji wake, Ramesh Sippy, alipiga mwisho ambao Thakur, aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar, anamuua jambazi huyo kwa miguu yake. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, ukapigwa mwisho mwingine ambao polisi wanafika na kumzuia. Huo ndio uliokwenda sinema. Juni 2025 huko Bologna, Italia, ilionyeshwa Sholay iliyofanyiwa ukarabati rasmi, ikiwa na mwisho wa kwanza. Ni kazi ya kupongezwa, lakini kwa kipimo cha mashabiki hawa si toleo la ukumbini: toleo la ukumbini lina polisi. Kwa Star Wars kipimo hicho kinamnyima mwongozaji nyongeza zake. Kwa Sholay kinampa ushindi mkaguzi. Mimi bado nakiona kinafaa, kwa sababu filamu iliyoonyeshwa ni tukio lililotokea mbele ya watu, na nakala yake moja safi inastahili kuwepo hata kama zipo nyingine nzuri zaidi.

Kisheria mambo si mepesi. Mashabiki wana desturi ya kusema kwamba anayepokea kazi yao awe kwanza amenunua nakala halali, na wao wenyewe hawauzi. Ni adabu nzuri, ila haiwapi ruhusa ya mwenye filamu, na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye kazi.

Ukiletewa flashi na kuambiwa ndani yake kuna toleo la asili, uliza picha imetoka wapi, sauti imetoka wapi, na rangi zimelinganishwa na nini. Kazi za kweli huja na maelezo marefu, tukio kwa tukio, mara nyingi yenye kuchosha. Isiyo nayo, hata ikiandikwa 4K kwa herufi kubwa, aghalabu ni DVD iliyovutwa tu ionekane kubwa.